Leonard, Pendo, Elia, Daudi

Shule ya Sekondari,
Ulemo, Iramba.
14 Julai 2024

Kwa Ndugu Gervas,
Chumba cha Vipimo vya Mishipa ya Fahamu,
Dodoma.

Shikamoo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Mama yangu mdogo hajaisoma ile chati ya macho ya kliniki tangu mwezi wa Nne. Aliikariri, na mimi ndiye niliyemkaririsha.

Huenda hunikumbuki. Tarehe 27 Juni nilikuja kwako na mgonjwa anayeitwa Happiness, fundi cherehani wa Mandewa, Singida. Ulitaka kwanza nywele za kisogoni zifumuliwe ili waya zishike kwenye ngozi, nikamfumua mistari sita pale kwenye benchi la nje. Kisha ukampaka ile dawa nzito kama uji, ukabandika waya, ukamkalisha mbele ya kioo chenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana nafasi. Ukamwambia hana kazi yoyote ya kufanya, atazame tu kitone chekundu cha katikati. Akauliza, "Kitone kipi?" Ukamwambia basi atazame katikati.

Ukanieleza kwamba kila miraba inapobadilishana, macho hupeleka habari kisogoni, na mashine inasikiliza umeme wa ubongo pale habari inapofika. Ukasema kwa macho mazima wimbi hufika kileleni baada ya milisekunde mia moja hivi, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. La mama mdogo lilifika kwenye 121 jicho la kulia na 124 la kushoto. Niliziandika namba hizo kiganjani.

Nilikuuliza swali moja tu siku ile, kama ubongo unaweza kukosea. Ulisema unaweza kuchelewa, ila hauwezi kujifanya unaona. Tangu hapo sijatulia.

Mama mdogo anatibiwa kifua kikuu sugu tangu Januari. Makohozi yake yalishapimwa na haambukizi tena, lakini vidonge bado vinaendelea, na kila mwezi lazima apimwe macho. Likizo ya Pasaka nilimsindikiza. Nikiwa nimekaa namsubiri niliitazama chati, na mimi nikitazama kitu chenye mistari kinabaki kichwani. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Theo, leo mstari wa tano nimebahatisha. Mwezi ujao watanikamata." Miaka miwili iliyopita alitumia dawa za kawaida zikashindwa, wakamwanzisha upya kutoka sifuri. Aliogopa kwamba akifeli macho, ataanzishwa upya tena.

Alisema hivyo, akifeli. Mimi maisha yangu yote nimesaidia watu wasifeli. Mstari wa nne ni L, P, E, D. Nikamwambia: Leonard, Pendo, Elia, Daudi. Hao ni wajomba zangu na watoto wao. Mstari wa tano nikampa Pendo, Elia, Christina, Fausta, Daudi. Aliyashika majina hayo kwa siku moja, akiwa anapiga pasi. Nilijisikia mwalimu.

Mwezi wa Tano na wa Sita kadi yake iliandikwa anaona vizuri kabisa. Aliletwa kwako kwa sababu tu alijichoma sindano ya cherehani kidoleni mara mbili kwa wiki moja. Na wewe ulipouliza tatizo lilianza lini, akajibu, "Wiki hizi mbili tu." Ukanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Naomba umweleze daktari kwamba si wiki mbili.

Wako,
Theodora Alute, Kidato cha Tatu


Mandewa, Singida.
21 Julai 2024

Mwanangu Theodora,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Anayeandika ni Hanifa, binti wa Mama Johari mwenye nyumba, ambaye sasa ni mwanafunzi wangu wa cherehani. Mwandiko ni wake, maneno ni yangu, kwa hiyo ukiona upuuzi ujue ameongeza.

(Sijaongeza. Hanifa.)

Majibu ya Dodoma yalifika kliniki. Wanasema mshipa wa macho unachelewesha habari, lakini hawaelewi kwa nini. Daktari amekaa na kadi yangu, anaigeuza mbele nyuma. Anasema kuna kidonge kimoja kati ya vile kinachoweza kuharibu macho, ila hicho huharibu polepole, miezi, na kadi yangu inaonyesha nilikuwa safi mpaka juzi. Kitu cha ghafla namna hii anakiogopa kisije kikawa cha kichwani. Kwa hiyo vidonge niendelee navyo vyote, na nisubiri nafasi ya kwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya kichwa. Foleni ni ndefu. Mimi nasubiri.

Usinifikirie vibaya, naona. Asubuhi naona vizuri kabisa. Tatizo ni kitu kidogo kidogo tu cha katikati.

Sketi yako niliyokushonea Pasaka inakaaje? Usije ukairefusha kwa kuivuta chini kama wenzako.

Lile somo letu la majina ya ukoo liache huko huko liliko. Umenielewa.

Mama yako mdogo,
Happiness

Theo, mimi Hanifa. Somo gani hilo? Nimemuuliza, kasema fundi haulizwi. Juzi kaniita mjinga mbele ya mteja kwa sababu nimevaa ushungi wa kijani na yeye anasema ni wa kahawia. Tukabishana! Mteja akasema ni kijani. Fundi akasema wote tukapime macho.


Shule ya Sekondari, Ulemo.
28 Julai 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliipata kwa kondakta, ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa karanga. Asante kwa karanga. Matroni alichukua nusu.

Nasoma vizuri. Kwenye Biolojia tumefika kwenye jicho. Mwalimu aliuliza nani anajua mshipa wa macho unaishia wapi, na mimi nilijua, ila sikunyoosha mkono.

Sketi inakaa vizuri. Kila mtu anaisifu.

Mama mdogo, najua Hanifa ndiye anayekusomea, kwa hiyo naandika kwa kupimapima. Hanifa, samahani, si kwamba sikuamini. Kuhusu lile somo la majina. Nimemwandikia yule mtaalamu wa Dodoma barua kulieleza lote. Sijaituma. Iko ndani ya kitabu cha Biolojia, ina wiki mbili sasa. Kila Jumamosi mwalimu wa zamu akienda mjini huuliza nani ana barua, natia mkono kwenye begi, naigusa ile bahasha, nautoa mkono mtupu.

Ningependa kukwambia kwa mdomo, lakini simu ya matroni tunapewa dakika mbili tu na yeye anasimama hapo hapo.

Nadhani daktari angejua tulichofanya asingekuwa anageuza kadi. Ukisema niitume, nitaituma Jumamosi hiyo hiyo.

Mwanao,
Theodora


Mandewa.
6 Agosti 2024

Theodora,

Usitume.

Hanifa, andika hivyo hivyo, peke yake, kwenye mstari wake. Sasa endelea.

Nisikilize. Wewe unataka kuwa daktari. Toka ukiwa darasa la tatu unafunga vidole vya kuku bendeji. Sasa unataka jina lako lianze kujulikana hospitalini kwa namna hiyo? Watauliza nani kamfundisha, na barua yako itakuwa imo kwenye faili milele, na sahihi yako chini. Mimi nilikuomba, mimi mtu mzima. Likilipuka, linilipukie mimi.

La pili. Wewe hukulala ile wodi ya mwaka juzi. Miezi mitano dirisha moja, chakula kinawekwa mlangoni, mtu anagonga na kuondoka kabla hujafungua. Nikirudishwa mwanzo mimi sirudi. Naapa mbele ya huyu Hanifa. Bora macho yafifie kidogo kuliko kuanza kuhesabu siku upya.

Na picha ya kichwa nitapigwa, wataona hakuna kitu, basi. Yatarudi yenyewe.

Siku hizi nashona mistari iliyonyooka tu, mashuka na mapazia. Hanifa ananitungia uzi. Vidole vyangu vinajua kazi kuliko macho ya wengi.

Ile karatasi ichome.

Mama yako mdogo,
Happiness

(Kaondoka kwenda uani ndio naandika hapa. Sijui mnaficha nini na sitaki ugomvi. Lakini alipokuwa anasema "usitume" alikuwa analia, na hajui kwamba nilimwona. H.)


Mandewa.
19 Agosti 2024

Theo,

Hii ni barua yangu mwenyewe. Fundi hajui, na mama yangu Johari kasema niiandike, nisiogope.

Wiki iliyopita alikata kitambaa cha watu. Mama wa kwaya alileta vitenge vya sare, vyote dizaini moja, juu na chini vina maua yanayotazama upande mmoja. Kavikata nane, maua ya nusu yao yamesimama kichwa chini. Mimi nilikuwa nimetumwa sokoni. Niliporudi kavipanga vizuri mezani, ananiambia, "Tazama kazi hiyo, ujifunze." Nikasema, "Hongera fundi." Yule mama alipokuja kuvichukua, Theo, sitaki kukusimulia. Fundi alikaa chini kwenye vipande akawa anavipapasa kimoja kimoja, anauliza, "Hiki? Na hiki je?"

Juzi kasimama mbele yangu ananiongelesha, kumbe anadhani ni mama. Mimi na mama hatufanani hata kidogo, mama mnene.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Anaposhona huwa anasema majina. Leonard, Pendo, Elia, Daudi. Halafu Pendo tena, Elia tena, na wengine. Polepole, kila siku. Nilidhani anawaombea ndugu zake, nikawa nashusha sauti ya redio kwa heshima. Jumatano nimempeleka kliniki. Nesi alikuwa na watu wengi, kasema, "Happiness, mstari wa nne." Akajibu L, P, E, D, bila kusita. Mstari wa tano, bila kusita. Nesi akaandika. Na mimi nikahesabu kwenye vidole, Leonard, Pendo, Elia, Daudi, herufi zile zile.

Tulipotoka nje alikanyaga mtaro ambao hata mbuzi anauruka. Goti limechanika.

Sijamwambia mtu zaidi ya mama. Sijui kama hilo ndilo somo lenu. Kama ndilo, mimi sina elimu yako, lakini naona mtu anazama na sisi tumeshika ukimya kama ndio kamba.

Rafiki yako,
Hanifa


Shule ya Sekondari, Ulemo.
24 Agosti 2024

Kwa Ndugu Gervas,

Shikamoo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili. Tafadhali anza na ile ya tarehe 14 Julai, ambayo niliiandika na nikakaa nayo wiki sita. Sina sababu nzuri ya kukupa. Kwanza niliogopa, kisha nikamwomba ruhusa mama mdogo huku nikijua atakataa, na alipokataa nikajisikia nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayoniumiza kuliko yote.

Tangu wakati ule amesoma chati kwa kukariri mara mbili zaidi, Julai na Agosti, na bado anameza vidonge vyote. Anakata vitambaa kichwa chini. Hatambui sura za watu anaoishi nao.

Nimebandika hapa chini kipande cha uzi. Ni cha upindo wa sketi yangu ya shule, ambayo alinishonea Pasaka, tarehe 2 Aprili. Sketi ni ya kijani. Uzi, kama unavyoona, ni mwekundu. Mama mdogo ni fundi wa miaka kumi na nne na hajawahi kukosea uzi. Niliuona siku ile ile aliponipa. Alinigeuza mbele ya kioo, akasema, "Umependeza mpaka basi," nikaona upindo wote mwekundu kuzunguka magoti, nikasema asante. Wasichana hapa bwenini wananiita Mpaka, kwa sababu wanasema nimechora mpaka wa wilaya kwenye magoti. Nilimwandikia kwamba kila mtu anaisifu.

Naleta uzi kwa sababu kadi inasema alianza kuumwa macho mwezi wa Sita, na huenda daktari akaamini kadi kuliko mwanafunzi. Uzi ni wa mwezi wa Nne.

Naomba usimwandike yeye kama mdanganyifu. Tulikichukua kile kipimo kama mtihani, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza mtu akishindwa kinafuata nini.

Theodora Alute


Dodoma.
4 Septemba 2024

Mpendwa Theodora,

Marahaba. Bahasha yako imenifikia Jumatatu saa nne asubuhi. Saa tano nilikuwa kwa daktari, na barua zako zote mbili na ule uzi. Aliuinua dirishani, akaushusha, akapiga simu kliniki ya Singida hapo hapo. Kile kidonge kimeondolewa siku hiyo hiyo. Kimoja tu. Vingine vinaendelea na amewekewa kingine mahali pake. Hajarudishwa mwanzo, hakuna siku yake hata moja iliyofutwa. Safari ya Dar es Salaam nayo imesitishwa kwanza.

Najua hiyo sentensi ya kwamba hajarudishwa mwanzo itakuuma. Nimefikiri nisikuandikie, kisha nikaona wewe si mtu wa kufichwa.

Jana aliletwa na binti mmoja mwenye ushungi, nikampima tena. Jicho la kulia 138, la kushoto 141, na kilele cha wimbi kimeshuka hadi karibu nusu ya kile cha Juni. Maana yake ni kwamba kati ya Juni na sasa mshipa umeumia zaidi. Ukiniuliza ni kiasi gani cha hapo ni cha hizi wiki sita, sijui, na mashine haijui. Wengi wakiachishwa mapema hurudi vizuri. Wakichelewa hurudi kidogo, na wengine hawarudi. Tutapima tena Desemba.

Sasa langu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Nilipouliza tatizo lilianza lini, nilikuona ukichelewa kabla ya kutikisa kichwa. Nilikuona, Theodora. Nikasema moyoni huyu mtoto ana jambo. Lakini nje kulikuwa na mgonjwa mwingine amekaa na nywele zimeshafumuliwa, nikaandika "wiki mbili" nikaendelea. Swali la pili lingenichukua dakika moja. Fomu yangu ya Juni ina sahihi yangu chini yake.

Umeomba nisimwandike kama mdanganyifu. Sikumwandika hivyo. Niliandika kwamba mgonjwa alikuwa na hofu ya kurudia tiba na alikariri chati. Wewe nimekutaja kama ndugu aliyetoa taarifa. Kliniki sasa wamepata chati nyingine tatu, wanabadilisha.

Hujaniomba nikusamehe, na umefanya sawa, kwa kuwa si mimi wa kufanya hivyo. Yeye hajui kwamba ni wewe uliyeandika. Aliniuliza, "Nani kawaambia?" Nikamjibu nitamwachia mwenyewe aseme.

Gervas


Shule ya Sekondari, Ulemo.
8 Septemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Hanifa, msomee yote, usiruke.

Ni mimi. Sikuichoma ile barua. Niliituma tarehe 24 Agosti, ukiwa umeshanikataza, na nilipaswa kuituma tarehe 14 Julai kabla hujanikataza. Na kabla ya hapo nilipaswa kusema kule Dodoma alipouliza. Na kabla ya hapo nilipaswa kukwambia Pasaka kwamba uzi wa sketi yangu ni mwekundu. Nilidhani nikinyamaza nakupenda.

Hawakukurudisha mwanzo. Tungeuliza tu.

Sitegemei unijibu haraka.

Mwanao,
Theodora


Mandewa.
22 Septemba 2024

Theo,

Nilimsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mkasi. Nikamwuliza, "Fundi, nijibu nini?" Kasema hana la kuandika. Nikakaa na kalamu muda mrefu nikidhani atabadilika. Kisha akaniambia nikanunue mkaa.

Hasemi majina tena anaposhona. Nimerudisha sauti ya redio.

Hanifa


Mandewa, Singida.
15 Desemba 2024

Kwa Ndugu Gervas,

Shikamoo. Nashukuru kwa kutupokea Alhamisi. Hukuuliza chochote kuhusu mimi na mama mdogo, ulitupatia tu viti, na nilikushukuru kimoyomoyo. Safari hii alikuja na nywele zimeshafumuliwa.

Nimebandika namba zako ukutani juu ya cherehani: 127 kulia, 129 kushoto. Ulisema zimerudi, lakini hazijafika zilikotoka, na huenda hapo ndipo zitakapoishia. Mama mdogo alikuuliza kama kitone chekundu kipo kweli au unamtania. Ulimwambia kipo. Akasema, "Basi naona kivuli chake." Tulirudi kwa basi. Tulipofika Manyoni akaninunulia mahindi ya kuchoma, akanipa bila kunitazama. Ni kitu cha kwanza alichonipa tangu nifunge shule.

Nyumbani Mandewa nilikuwa na siku nane tayari. Ananijibu salamu, ananituma maji, anamwambia Hanifa, "Mwambie mwenzako chakula tayari," nami nimekaa hapo hapo. Kupiga pasi nimemsaidia. Sijathubutu kugusa meza ya kukatia.

Jana nimevaa ile sketi kwa kuwa nguo nyingine zilikuwa kwenye kamba. Nilipopita karibu naye upindo ukamgusa mkono. Ulikuwa umening'inia tangu Agosti, pale nilipoukata kipande nikakutumia. Shuleni nimeadhibiwa mara mbili kwa ajili yake, kufagia bwalo, na sikuushona, kwa sababu sikuona kama ni haki yangu kuushona.

Aliushika. Akaufuata kwa vidole kunizunguka mpaka pale unapokatika.

"Nani kaufumua huu?"

"Mimi, mama mdogo. Ndio ule uzi niliopeleka Dodoma."

Hanifa akasimamisha cherehani. Mama mdogo akaendelea kupapasa, akafika mwanzo tena.

"Mwekundu wote?"

"Wote."

"Na ukatembea nao hivi, miezi yote hii, mbele za watu."

"Ndiyo."

"Wakakuitaje?"

Nikamwambia. Mpaka. Hanifa akaziba mdomo kwa ushungi. Mabega ya mama mdogo yakaanza kutikisika, na mpaka sasa sijui kama alikuwa anacheka au analia, kwa kuwa alikuwa ameinama. Alipoinua uso akasema, "Mimi ndiye niliyekuvalisha uzi huu, na wewe ndiye uliyenivalisha yale majina. Vua, ujifunge khanga. Lete kikapu cha nyuzi."

Ndugu Gervas, uliniambia nikuandikie kilichofuata. Sina jambo kubwa la kukueleza. Nilivua sketi, nikajifunga khanga ya Hanifa. Nikakaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, nikaufumua uzi mwekundu uliobaki kwa wembe, nikautupa. Nikachagua uzi wa kijani kikapuni. Akauliza, "Ni kijani? Una hakika?" Nikausogeza kwenye kitambaa, nikatazama mara mbili, nikamwambia ni kijani, ila kimekolea kidogo kuliko sketi. Akasema kinafaa. Nikatunga sindano, nikampa, akaanza kupinda kwa mkono, polepole, kidole gumba kikitangulia.

Karibu na mshono wa ubavuni aliruka sehemu, kama upana wa vidole vitatu. Hakuona. Nikamwambia, "Mama mdogo, hapo umeruka."

Akarudisha mkono, akapapasa, akapakuta. Akafumua, akapinda tena. Nilikaa naye mpaka upindo ukaisha.

Theodora Alute